Kichuguu cha Burnsville

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, marahaba, najua mlikuwa mbioni kuniamkia, nimewaokolea muda.

Kamati iliponiomba niseme machache kuhusu maisha yetu ya zamani hapa Minnesota, nilijua wanachokitarajia. Wanataka habari za gari lililogoma kuwaka alfajiri, za koleo la theluji na maumivu ya kiuno, za yule ndugu aliyeteremka kwenye ndege mwezi wa kwanza akiwa na suti ya Kaunda ya mikono mifupi. Hizo mmezisikia, na wengi wenu mnazo kali kuliko zangu. Miaka nenda rudi tukikutana tunaisema baridi ya huku kana kwamba tuliletwa kwa pingu. Leo naomba ruhusa nizungumzie starehe. Nitawasimulia jinsi tulivyokuwa tukicheza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu miguuni, pale Buck Hill, Burnsville, miaka ya themanini na tisini.

Naona mzee mwenzangu wa meza ya mbele anatikisa kichwa. Alikuwa akitikisa hivyo hivyo mwaka 1984.

Buck Hill mnaijua hata kama hamjawahi kukanyaga. Ukishavuka Mto Minnesota ukaelekea kusini kwa barabara ya I-35, kabla hujafika Lakeville, mkono wa kulia utaona kilima kimechorwa mistari myeupe, na usiku kimewaka taa. Kilifunguliwa mwaka 1954 na Chuck na Nancy Stone, wakati Burnsville bado ni mashamba. Toka chini hadi juu ni futi 310, yaani mita 94 hivi. Mtu wa Colorado, kwenye milima mirefu, akikiona anacheka. Mtu wa Machame, chini ya Kilimanjaro, hata hacheki, maana kwetu hicho si kilima, ni kichuguu. Bibi yangu alikuwa akipanda zaidi ya hapo kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe, na anarudi na mzigo kichwani.

Kama hotuba lazima iwe na hoja, basi hoja yangu ni kwamba raha yote ya pale ilitokana na huo udogo wake. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze mtu wa migombani alifikaje juu ya kichuguu cha barafu.

Nimezaliwa Machame. Theluji nimeiona tangu nikiwa mgongoni kwa mama, ila kwa macho tu. Kwetu theluji ni kitu cha kule juu, cha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na asubuhi mawingu yakifunguka unaitazama, unaendelea na shughuli zako. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake Ulaya, wataalamu waliokaa London walimkatalia: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wazee wetu hawakuwa na mjadala huo. Rebmann aliandika alivyosimuliwa kwamba Mangi Rengua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma watu wapande wakaone hicho cheupe ni nini, na kwamba aliyefanikiwa kurudi alirudi mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo mtoto wa Machame anakua akijua kwamba theluji inatazamwa kwa mbali.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mpaka nilipolikuta kitabuni huku ugenini ni kwamba mwaka 1912 wapanda mlima wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walibeba skii hadi Kibo na wakateremka nazo. Ile Barafu ya Furtwängler iliyoko kileleni imepewa jina la huyo wa kwanza. Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana wakati huo. Nikifikiria kwamba yeye yuko chini anachunga mbuzi, huku juu ya kichwa chake watu wazima wanateleza kwa hiari yao, nacheka peke yangu.

Nilifika hapa mwaka 1982 kusomea kilimo. Walionipokea walikuwa usharika mmoja wa Kilutheri wa Burnsville. Walutheri wa huku na wa Tanzania ni ndugu wa siku nyingi. Wenzetu wa Iringa mnaujua uhusiano wa Bega kwa Bega kati ya dayosisi yenu na sinodi ya Saint Paul, ulioanza mwaka 1987. Mimi niliwatangulia kidogo, na nilitokea kaskazini, lakini ukarimu ulikuwa ule ule: kahawa, keki, supu, na maswali kuhusu simba. Katika familia niliyokuwa nakwenda mwisho wa juma kulikuwa na mzee mmoja, baba wa mwenye nyumba, ambaye wazazi wake walitoka Norway. Nilimwita babu tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikujua kumwita mtu mzima jina lake kavu kavu kama wanavyofanya huku. Alilipenda jina hilo, akaanza kulijibu hata akiitwa na wajukuu zake.

Babu huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja baada ya ibada aliniangalia miguu, akaingia ghalani, akatoka na skii za mwanawe.

Vijana wa leo mkiziona skii zile mtadhani ni mbao za kuezekea. Hizi zenu ni fupi, zina kiuno, zinajipinda zenyewe ukiegemea kidogo. Zetu zilikuwa zimenyooka na ndefu kuliko mtu. Kipimo chake ulikuwa unasimama wima, unanyoosha mkono juu, na ncha ya skii inatakiwa ifike kwenye kifundo cha mkono. Buti zilikuwa za plastiki ngumu, zinafunguka kwa nyuma. Unatumbukiza mguu, unabana klipu, na kuanzia hapo kifundo cha mguu si chako tena. Suruali yangu ilikuwa jinzi iliyopuliziwa dawa ya kuzuia maji. Dawa ile ilizuia maji kwa muda wa kuanguka mara moja. Baada ya hapo jinzi inalowa, inaganda, na ukitembea inalia.

Tiketi ilikuwa stika iliyokunjwa kwenye kipande cha waya, na waya umepitishwa kwenye zipu ya koti. Watu hawakuzitoa. Majira yakifika katikati, mtu anatembea na rundo la tiketi kifuani, na ulikuwa unaweza kujua nani mgeni na nani mwenyeji kwa kuangalia zipu tu.

Sasa kamba. Hapa naomba mnivumilie, maana nikianza kuisifia ile kamba nachelewa kumaliza.

Viti vya kuning'inia vilikuwapo, lakini babu alisema mwanafunzi haanzi na kiti. Alinipeleka kwenye kamba. Ni kamba nene, inavutwa na mtambo, inazunguka mfululizo kutoka chini kwenda juu bila kusimama wala kumsubiri mtu, na inakwenda mbio. Unajipanga pembeni, skii zako zikiangalia juu, unaiacha ipite kwanza ndani ya glavu. Kisha unakaza kidogo kidogo, kidole baada ya kidole, mpaka mwendo wako na mwendo wake uwe mmoja. Ukiikamata kwa pupa inakung'oa. Unatangulia wewe, skii zinafuata kama zikipenda. Kamba yenyewe imelowa, nzito, na inajisokota inapokwenda, ndiyo maana skafu ilifungiwa ndani ya koti na wenye nywele ndefu walizificha chini ya kofia. Glavu za sufu zilikuwa haziishi hata jioni moja. Wazoefu walivaa za ngozi, na juu ya ngozi wakaongeza ngozi nyingine ya kuliwa na kamba.

Wanafunzi wenzangu wa siku ile, watoto wa mjini kwa sehemu kubwa, waliteseka nayo. Mimi nilikua nikivuta ng'ombe wasiotaka kuvutwa. Kamba niliielewa kabla sijaielewa skii. Nilifika juu vizuri kabisa, babu akanipigia makofi, halafu nikageuka nikaona upande wa kushuka.

Kushuka sina haja ya kukusimulieni sana. Nilishuka kwa makalio. Babu alinifundisha kuzikutanisha ncha za mbele na kuvitanua visigino, ili skii zenyewe ziwe breki, na somo hilo lilichukua majira karibu yote ya baridi kuniingia miguuni. Kilichoniokoa ni vile vifungo vinavyoachia buti ukianguka. Aliyebuni kifungo cha namna hiyo alikuwa Hjalmar Hvam, mhamiaji wa Norway aliyeishi Oregon. Wazo lilimjia mwaka 1937 akiwa amelazwa na mguu uliovunjika kwa skii. Kila nikianguka, skii zikichomoka na kwenda zao, nilikuwa namshukuru Hvam.

Babu ndiye aliyenifundisha pia kwamba mambo haya yana historia ya wahamiaji, na alilisema hilo kwa makusudi, nikiwa nimekaa kwenye theluji na haya zangu. Alinisimulia juu ya Sondre Norheim, mkulima maskini wa Morgedal, Telemark, ambaye Norway wanamheshimu kama baba wa skii za kisasa kwa jinsi alivyoruka na kupinda. Mwaka 1884, akiwa mtu mzima wa karibu miaka 60, alihamia Amerika, akapitia hapa Minnesota, kisha akaenda kulima North Dakota. Alifariki mwaka 1897 na kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa la Kilutheri karibu na Denbigh. Aliyeenda Denbigh anajua: ni tambarare tupu. Bingwa wa milima aliishia mahali ambapo hata cha kutelezea hakipo. Wenzake waliokuja Minnesota walikuwa na bahati zaidi. Pale Red Wing, mwendo wa saa moja kutoka hapa, walianzisha klabu ya Aurora mwaka 1886 wakawa wanaruka kutoka kwenye genge huku mji mzima ukitazama. Babu alisema Wamarekani wengine waliwaona wendawazimu. Nami nikamwambia, babu, wenzangu bwenini wananiita hivyo hivyo.

Na kweli waliniita. Mtaniuliza, Wazungu walikuchukuliaje pale kilimani? Wengine walikodoa macho. Mama mmoja kwenye foleni alidhani mimi ni mfanyakazi, akanikabidhi skii za mtoto wake. Nikazishika, nikamrudishia tulipofika mbele, naye akawa mwekundu. Mtoto mmoja aliniuliza kama Afrika kuna kamba. Lakini kwa ujumla kilimani watu wanaangalia miguu yao wenyewe, na ukianguka anayekuokotea fimbo haulizi umetoka wapi. Upinzani mkali ulitoka kwa ndugu zetu. Umeletwa kusoma au kuvunjika? Ukivunjika nani atakusafirisha? Mzee mwenzangu huyu wa mbele alinikalisha kikao kizima kuhusu jambo hilo, na alikuwa na hoja, siwezi kumnyima. Mwaka ule 1984 nyumbani watu walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni, nami huku napanga foleni ya kuteleza. Barua zangu kwa baba zilijaa mitihani na hali ya hewa.

Kwa mama niliandika zaidi. Nilimwandikia kuhusu vile viti vya kuning'inia, nilipofuzu kuvipanda. Vilianza mwaka 1936 kule Sun Valley, Idaho, na aliyevibuni, James Curran, mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliutoa mfano kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini, ambako mikungu huning'inizwa kwenye ndoano zinazotembea kwenye kebo. Akaondoa mkungu, akaweka kiti, akaweka mtu. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alibeba mikungu kichwani, alinijibu kwamba nisome na niache utani.

Kamba nayo ina kwao. Ya kwanza Marekani ilifungwa Woodstock, Vermont, Januari 1934, kwenye malisho ya mkulima mmoja, ikavutwa na injini ya Ford Model T. Malisho ya mkulima! Ndivyo vilima hivi vilivyoanza kila mahali: mteremko wa ng'ombe, injini kuukuu, taa chache, chumba cha kuuzia kahawa. Havikuwa mradi wa matajiri.

Sasa nimefika kwenye udogo.

Pale Buck Hill kushuka toka juu mpaka chini, kwa anayejua, hakumalizi dakika. Kamba inakurudisha juu upesi vile vile. Jioni moja ya kawaida, baada ya kazi au masomo, mtu anashuka mara nyingi kuliko aliyesafiri hadi Colorado akakaa kutwa akingoja foleni na kupanda viti virefu. Kosa ulilolifanya kwenye kona ya tatu bado linakuuma mguuni, na tayari umerudi juu kulirekebisha. Mlima mkubwa haukupi nafasi hiyo. Ukifika chini umeshasahau kona ilikuwaje.

Hilo aliliona mapema kocha mmoja kutoka Austria, Erich Sailer, aliyeanza kufundisha pale mwaka 1969. Usiku wa siku za shule, chini ya taa, ulikuwa unawaona watoto wake wamejipanga: wanashuka katikati ya nguzo za slalomu, zile mbio za kupinda huku na huku, wanaikamata kamba, wanashuka, wanaikamata kamba. Hawapumziki, hawapigi soga. Magari ya I-35 yanapita pembeni, watu wanarudi majumbani, na wale watoto bado wanapinda. Katika kundi hilo alitoka Kristina Koznick, na baada yake Lindsey Vonn, ambaye siku hizo alikuwa Lindsey Kildow, mtoto wa hapo hapo Burnsville. Mwaka 2010 kule Vancouver alichukua dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kushuka, na alipostaafu mwaka 2019 alikuwa na ushindi 82 wa Kombe la Dunia la skii. Watu wa Alps walishangaa bingwa wa milima mirefu kulelewa kwenye mita 94. Tuliokuwa tunazunguka pale hatukushangaa. Inawezekana kabisa alinipita mara nyingi. Watoto wote wa Sailer walikuwa wananipita, na sikuwahi kupata nafasi ya kuwauliza majina.

Udogo ulileta na jambo jingine ambalo siku hizi nalikumbuka zaidi ya mbio. Kilikuwa karibu, na hakikuwa ghali kama milima, kwa hiyo kilikuwa cha kila mtu. Fundi bomba, mwalimu, muuguzi aliyetoka zamu, watoto walioshushwa na basi la shule. Na mwanafunzi wa Machame mwenye jinzi inayolia. Ndani ya banda la kupumzikia palikuwa na harufu ya sufu iliyolowa, nta ya skii na viazi vya kukaanga. Usiku ambao Fahrenheit imeshuka hadi 20 chini ya sifuri, yaani 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi, kope zinashikana, watu wanaingia wanavua buti wakiguna kwa raha, na mtu usiyemjua anakusogezea kiti karibu na moto. Mimi Kiingereza cha darasani nilikuja nacho. Kiingereza cha kutaniana nilikipata kwenye banda lile.

Mwaka 1991 nilikuwa na mke na watoto. Mnaokumbuka, kumbukeni: theluji ilianza kushuka mchana wa Oktoba 31, siku ya Halowini, na ilipokoma Novemba 3 Minneapolis na Saint Paul zilikuwa zimefunikwa na inchi 28.4, sentimita 72. Watoto walizunguka mitaani kudai peremende wakiwa wamevaa vinyago juu ya makoti ya baridi. Mji ulisimama. Mimi nilikuwa nimeshatoa skii ghalani nazipaka nta, na mama watoto ananitazama kwa jicho ambalo walioolewa mnalijua.

Yeye alikataa kwa miaka. Alikuwa anakuja, anakaa bandani na sufu zake anafuma, anahesabu vichwa vya watoto kupitia dirishani. Kisha mwaka mmoja, bila kumwaga maneno, akaenda kukodi buti. Sitasema mengi kwa sababu yuko humu ndani, ila hadi leo anapinda vizuri kuliko mimi, na hakuwahi kushuka kwa makalio.

Vifaa vya watoto tulivipata kwenye masoko ya mitumba ya skii yanayofanyika kila msimu wa majani kupukutika. Mtoto akikua, skii zinahamia nyumba nyingine. Kulikuwa na jozi moja nyekundu ambayo ilianza kwa Wanorwei, ikaja kwetu, ikaenda kwa familia ya Wakisii kule Brooklyn Park, ikavuka tena mto kwa Wakongo. Ilipofika kwa Wakongo rangi ilikuwa imebaki kwenye ncha tu, lakini ilikuwa bado inateleza.

Wapo waliotoka Afrika Mashariki wakafika mbali zaidi ya vichuguu. Philip Boit wa Eldoret alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 akapelekwa Finland kujifunza skii za kukimbilia masafa, akiwa hajawahi kugusa theluji. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kupokea medali kwanza. Alimngoja Boit mstarini, akamkumbatia, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Siku ile nilikuwa mbele ya televisheni na babu yangu wa Burnsville, mzee sana sasa, ambaye sikumbuki kumwona akilia siku nyingine. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za milimani Olimpiki ya mwaka 2018. Mpwani akishuka mlima wa Korea! Wenye mashaka kwamba mchezo huu si wetu, nawaachia hayo.

Niseme na lisilopendeza, kwa ufupi. Vilima vidogo vinakufa. Kule New England peke yake waliovifuatilia wameorodhesha zaidi ya 600 vilivyofungwa. Bima ilipanda, mafuta yakapanda miaka ya sabini, barabara kuu zikawaleta watu kwenye milima mikubwa, na baridi zikaanza kukosa theluji. Vilivyobaki vinaishi kwa mizinga ya kutengeneza theluji, ambayo ilizaliwa mwaka 1950 kule Connecticut: Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey walichukua mpira wa kumwagilia bustani, kompresa na bomba la kupulizia rangi, wakarusha maji kwenye hewa ya baridi yakaanguka theluji. Lakini mizinga nayo inahitaji baridi. Mnaikumbuka baridi ya 2023 kuingia 2024, ambayo haikuja. Ilikuwa ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa hapa. Februari ile mbio za skii za Kombe la Dunia zilifanyika kwenye bustani ya Theodore Wirth, Minneapolis, na mpaka siku chache kabla nyasi zilikuwa zinaonekana kando ya njia. Theluji ikaanguka dakika za mwisho, watu wakafurika kumshangilia Jessie Diggins, mkimbiaji wa skii, msichana wa Afton hapa hapa Minnesota. Buck Hill sasa wana mteremko wa plastiki unaotelezeka hata kiangazi. Nimeujaribu. Unateleza, sikatai, ila ukianguka unajua umeanguka kwenye nini.

Nyumbani nako ni yale yale. Barafu iliyokuwako Kibo mwaka 1912, wakati Furtwängler anapita na skii zake, asilimia 85 ilikuwa imekwisha kufikia mwaka 2007. Mwaka juzi nilipokwenda Machame niliwaonyesha wajukuu mlima, wakaniuliza theluji iko wapi. Niliwaonyesha kidole mahali ilipokuwa inafika nikiwa na umri wao, wakaangalia kidole.

Kinachonikera lakini ni kingine. Watoto wetu waliozaliwa huku, wenye haki zote za baridi hii, wanakaa ndani na simu toka Novemba hadi Aprili, kwa sababu sisi wazazi tumewarithisha woga wa Mangi Rengua. Skii tunasema ni za matajiri. Zile za milima mikubwa, ndiyo, tiketi ya siku moja dirishani inapita dola 200, na mimi mwenyewe siendi. Ila kichuguu kipo hapo barabarani, unakipita ukienda kwenye harusi Lakeville, na jioni za katikati ya juma mtu wa kipato cha kawaida anaingia. Kikifungwa, kitajengwa nyumba za kupanga, na hapo tutaanza kusema zamani palikuwa na kilima.

Kwa hiyo nimekodi basi. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, litaondoka kwenye maegesho ya ukumbi huu; majina yaandikwe kwa katibu kabla ya Alhamisi. Vaeni soksi ndefu, jozi moja tu. Ukibana jozi mbili ndani ya buti damu haipiti na vidole vinaganda zaidi. Jinzi ziacheni nyumbani. Glavu ziwe za ngozi kwa watakaotaka kamba, na skafu ifungiwe ndani ya koti. Na mwenye skii za watoto zinazolala ghalani azilete hapa Ijumaa jioni, kuna familia zimefika mwaka huu na zina watoto wa umri wa kuanza. Asanteni.